Betri mbili za trekta: Hesabu volti kabla ya kufunga waya

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, wiki hii nataka tuzungumzie waya mfupi sana. Urefu wake haufiki hata mkono mmoja, na kazi yake ni kuunganisha betri mbili za trekta. Ukifungwa mahali panapostahili, trekta huwaka na kwenda shamba. Ukifungwa mahali pasipostahili, huunguza alteneta, huchemsha betri, na pengine humrushia fundi asidi usoni.

Huenda unajiuliza: mimi ninayeishi Mwanza au Dar es Salaam, mambo ya trekta yananihusu nini? Yanakuhusu zaidi ya unavyodhani. Matrekta mengi makuukuu yanayolima vijijini hayamilikiwi na wakulima wanaoonekana juu yake. Wenyewe ni watu wa mjini: karani, mwalimu mstaafu, mwenye duka, mama wa nguo za jumla. Alinunua trekta lililokwisha kutumika, akalipeleka kwao, akamkabidhi mdogo wake au dereva wa kuajiriwa. Kuanzia hapo yeye hulijua trekta lake kwa njia ya simu.

Chukua mfano wa Segese, katika Halmashauri ya Msalala, Mkoa wa Shinyanga. Hapo ni kati ya nchi mbili. Upande mmoja ni nchi ya jembe: pamba, mahindi, mpunga na ng'ombe. Upande mwingine ni ukanda wa dhahabu unaokwenda mpaka Geita. Mgodi wa Bulyanhulu, ulioanza uzalishaji mwaka 2001, uko katika halmashauri hiyo hiyo. Kwa hiyo gereji ya kando ya barabara huko hupokea kila kitu: pikipiki za wachimbaji wadogo, Fuso za mizigo, malori makubwa, na mara moja moja trekta la mtu aliye mbali. Ninaomba uikumbuke picha hiyo ya Fuso na trekta kwa fundi mmoja, kwa sababu tatizo letu la leo linazaliwa hapo.

Mvua za vuli zimeanza. Pamba ya kanda ile inatakiwa kupandwa kuanzia katikati ya Novemba, na kila wiki inayopita bila kupanda inakula mavuno. Majirani wamekwisha kuweka ahadi za kulimiwa. Asubuhi simu inalia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Vipi, mmeanza?"

"Kaka, trekta haliwaki. Fundi anasema betri. Tuma pesa ya betri mbili."

Kaka anatuma. Betri zinanunuliwa, zinafungwa, trekta linawaka. Siku ya tatu simu inalia tena: taa zote zimeungua, alteneta haichaji, betri mpya nazo zimekwisha moto. Kaka anapandwa na hasira. Anamwita dereva mzembe, na mwisho wa mwezi anamkata mshahara. Dereva hakuharibu chochote. Kilichoharibu ni ule waya mfupi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kuuliza umefungwa wapi.

Sasa tuanze mwanzo, taratibu.

Betri ya trekta imegawanyika vyumba vyumba. Kila chumba kina mabamba ya risasi yaliyolowekwa katika asidi, na kila chumba hutoa kiasi cha volti 2. Betri ya volti 12 ina vyumba sita. Betri ya volti 6 ina vyumba vitatu. Kwa betri ya kizamani yenye vifuniko, basi, huhitaji kujua kusoma ili uitambue. Hesabu vifuniko vya kutilia maji: sita ni volti 12, vitatu ni volti 6. Betri za siku hizi zilizozibwa kabisa hazina vifuniko, hapo ndipo usome karatasi iliyobandikwa ubavuni.

Volti ni msukumo. Mfikirie mtu mwenye mapipa mawili ya maji. Akiyapandisha moja juu ya jingine na kuyaunganisha, maji yatatoka bombani kwa msukumo mkubwa maradufu. Akiyaweka chini ubavu kwa ubavu, msukumo utabaki ule ule wa pipa moja, ila maji yatadumu maradufu. Betri mbili nazo zina njia hizo hizo mbili za kuunganishwa.

Njia ya kwanza ni mfululizo. Waya mmoja unatoka chanya ya betri hii kwenda hasi ya betri ile. Vinabaki vichwa viwili visivyo na waya, na hivyo ndivyo vinavyolisha trekta. Volti zinajumlishwa: 6 na 6 ni 12, 12 na 12 ni 24. Njia ya pili ni sambamba. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, nyaya mbili. Volti hazibadiliki: 12 na 12 hubaki 12, lakini nguvu ya kuzungusha stata inakuwa ya betri mbili.

Kwa nini trekta lihitaji betri mbili hata kidogo? Kwa sababu injini ya dizeli haina cheche za plagi. Huwasha mafuta kwa kuibana hewa mpaka ichemke, na kuibana hewa hiyo kunataka stata yenye mabavu, inayokula mamia ya ampea kwa sekunde chache. Trekta dogo kama Massey Ferguson 135, ya miaka ya 1960 na 1970, kwa kawaida hutosheka na betri moja ya volti 12. Lakini yapo matrekta ya zamani yaliyotoka kiwandani na betri mbili. Ursus C-360 ya Poland ilitumia betri mbili za volti 6 zilizofungwa mfululizo, ili kupata 12. Matrekta mengine makubwa yana betri mbili za volti 12 zilizofungwa sambamba, ili zibaki 12. John Deere 4020 za miaka ya 1960 zilikuwa na mtindo wake wa pekee: betri mbili za volti 12 mfululizo, stata ya volti 24, na waya wa bodi umefungwa katikati ya betri hizo mbili. Fundi asiyeujua mtindo huo akiugusa kwa kubahatisha, ataunguza mali.

Unaona, basi, kwamba kuyaona masanduku mawili ya betri hakukuambii kitu. Swali la kwanza si "trekta lina betri ngapi?" Swali la kwanza ni "stata na alteneta zinataka volti ngapi?" Jibu limeandikwa kwenye kibati kilichopigiliwa ubavuni mwa stata. Kifute vumbi na grisi, ukisome. Kama kibati kimefutika, chomoa balbu ya taa ya mbele ambayo imekuwa ikifanya kazi, na usome tako lake.

Sasa turudi kwa yule fundi wa Segese na Fuso zake. Fuso, Scania na malori mengi ya mizigo hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo. Fundi huyo amefunga betri za namna hiyo mara mia mbili, mkono wake umekwisha kuzoea. Akiletewa trekta lenye betri mbili mpya za volti 12, mkono unafanya kile ulichozoea: chanya ya huku, hasi ya kule. Trekta la volti 12 linapokea 24.

Na hapa pana mtego. Trekta hilo haligomi. Linawaka kwa kishindo kuliko siku zote! Stata inazunguka kama mashine ya kusaga, watu wanapiga makofi, fundi analipwa, dereva anaondoka akisifu. Hasara inakuja nyuma. Balbu zinapasuka. Vidude vya ndani ya alteneta vinaungua. Meno ya stata yanapiga gurudumu la injini kwa nguvu ambayo hayakuundiwa. Na kwa kuwa alteneta ya volti 12 husukuma kiasi cha volti 14 tu, haiwezi kuzichaji betri zinazodai zaidi ya 24, kwa hiyo betri nazo zinakwisha. Kuwaka kwa trekta, ndugu zangu, si ushahidi kwamba limefungwa sawa.

Kosa la upande wa pili ni la kuchukua betri mbili za volti 6 na kuzifunga sambamba. Hapo stata inapata volti 6, inaguna tu. Likisukumwa likawaka, alteneta inazimwagia betri za volti 6 moto wa volti 14. Zinachemka, zinatoa mvuke, na mvuke huo una haidrojeni, hewa inayolipuka kwa cheche moja.

Kosa la tatu ndilo baya kuliko yote. Mtu ananuia kufunga sambamba, lakini amegeuza betri moja. Anafunga chanya kwa hasi upande huu, kisha anafunga chanya kwa hasi upande wa pili. Hapo hakuna trekta tena katika habari hiyo. Betri mbili zimefanya duara, kila moja inaimwagia mwenzake moto wote ilio nao. Waya unakuwa mwekundu, spana inaganda, betri inaweza kupasuka. Wanaosimama karibu wakiangalia ni watoto.

Kuna kinga, nayo ni rahisi mno. Chukua balbu ya taa ya breki ya volti 12, ichomelee nyaya mbili. Hicho ni chombo cha thamani ya soda chache, nami nakisifu mbele ya mita za bei kubwa kwa sababu hata asiyejua kusoma anakielewa. Kanuni yake ni hii. Ukifunga betri mbili za volti 6 mfululizo, gusisha balbu kwenye vile vichwa viwili vilivyobaki: lazima iwake vizuri. Isipowaka, umefunga hasi kwa hasi. Ukifunga betri za volti 12 sambamba, funga hasi kwa hasi kwanza, kisha kabla ya kufunga waya wa chanya, weka balbu kati ya chanya na chanya: lazima isiwake. Ikimulika kwa ukali, au ikapasuka, umegeuza betri moja. Simama hapo hapo, fungua, anza upya. Umepoteza balbu, umeokoa uso.

Bado liko jambo la bodi. Katika matrekta karibu yote ya siku hizi waya wa hasi ndio unaofungwa kwenye chuma cha trekta. Lakini matrekta mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, yaliyokuwa na dainamo badala ya alteneta, yalitoka kiwandani waya wa chanya ukiwa ndio wa bodi. Baadhi yamebadilishwa na mafundi baadaye, mengine bado. Usikisie. Kabla ya kufungua betri za zamani, tazama ni kichwa kipi kilichokwenda kwenye bodi, uweke alama ya rangi. Siku hizi dereva ana simu, na apige picha. Kama alama za kujumlisha na kutoa zimefutika kwenye betri, kumbuka kwamba kichwa cha chanya ni kinene kuliko cha hasi.

Msidanganywe na stata katika jambo hili. Stata ya kizamani, yenye nyaya za shaba ndani, huzunguka upande ule ule hata ukigeuza chanya na hasi. Kwa hiyo fundi atageuza, stata itaitika, naye atasema kazi imekwisha. Alteneta, kwa upande wake, haina msamaha: ikigeuziwa moto, inaungua papo hapo. Hapa tena balbu yetu inasaidia. Ukiwa umefunga kila kitu isipokuwa waya wa bodi, na swichi zote zimezimwa, weka balbu kati ya waya wa bodi na chuma cha trekta. Isipowaka, endelea. Ikiwaka, ama umeigeuzia alteneta moto, ama kuna swichi iliyoachwa wazi, ama kuna shoti mahali. Balbu imekuonya kabla alteneta haijaungua.

Taratibu nyingine nazipitia upesi. Unapofungua, anza na waya wa bodi. Unapofunga, umalize na huo huo. Kisa chake ni kwamba spana ikigusa chuma wakati waya wa bodi bado upo, ni shoti. Vua pete na saa ya chuma. Usivute sigara juu ya betri. Waya wa kuunganisha betri uwe mnene sawa na ule wa stata; nyaya za nyumba zilizosokotwa pamoja zitachemka. Katika kufunga sambamba, toa chanya ya trekta kwenye betri moja na hasi kwenye betri ya pili, ili zote mbili zichangie sawa. Vichwa visuguliwe ving'ae, kisha vipakwe grisi baada ya kukazwa. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 20, ndipo uende hospitali.

Na betri zenyewe ziwe pacha: volti sawa, ukubwa sawa, umri sawa, zote zimechajiwa kwanza. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma kiasi cha 12.6 ikiwa imetulia. Ile ya volti 6 husoma 6.3. Wenye matrekta wengi hupenda kununua betri moja mpya na kuiunganisha na kongwe, wakidhani wamebana matumizi. Katika sambamba, kongwe huinyonya mpya usiku kucha. Katika mfululizo, ile dhaifu huzuia nguvu ya mwenzake na huharibiwa wakati wa kuchajiwa. Baada ya muda mfupi unanunua zote mbili. Cha rahisi kimekuwa ghali.

Niseme pia juu ya tabia mbili nilizokwisha kuziona zaidi ya mara moja. Ya kwanza ni kuazima moto wa Fuso ili kuwasha trekta. Fuso ni 24, trekta ni 12. Ukiunganisha nyaya kama zilivyo, ni lile kosa la kwanza kwa njia ya mkato. Afadhali betri za trekta zifunguliwe zipelekwe kuchajiwa. Ya pili ni kuigusisha stata kwa bisibisi mtu akiwa amesimama chini, mbele ya gurudumu la nyuma. Trekta likiwa limeachwa kwenye gia, linawaka na kuondoka hapo hapo, na mtu yuko njiani mwake. Hakuna heka ya pamba inayolipa jambo hilo.

Wala sitaki mtu aseme kwamba mafundi wetu wa barabarani ni wajinga. Mtu anayeweza kuirudisha barabarani Fuso iliyokufa, chini ya mwembe, kwa spana sita, si mjinga. Lakini vibati vya matrekta haya vimeandikwa Kiingereza, Kipolandi au Kifini, na vingi vimefutika. Kanda ya Ziwa ilikwisha kuonja jambo hili zamani: katika miaka ya 1960 vyama vya ushirika vilianzisha mashamba makubwa ya pamba yaliyolimwa kwa trekta, na gharama na matengenezo ya mashine zile yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyoulemea mpango. Tukaunganisha Valmet zetu wenyewe Kibaha katika miaka ya 1980, na baada ya mwaka 2009, katika Kilimo Kwanza, tukaleta matrekta mengine kutoka India. Chuma kimekuwa kikija kwa awamu. Maelezo ya Kiswahili ya kukitunza hayakuja kwa kasi hiyo.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wanaouza matrekta makuukuu: kabla trekta halijatoka uwanjani mwako, chora kwa rangi ndani ya kifuniko cha sanduku la betri. Miraba miwili, waya unavyokwenda, na maneno manne: VOLTI 12, HASI BODI, au vyovyote itakavyokuwa. Ni kazi ya nusu saa.

La pili ni kwako wewe mwenye trekta uliye mjini. Simu ikilia, usikimbilie kutuma pesa wala kutukana. Uliza maswali matano. Kibati cha stata kinasema volti ngapi? Kila betri ina vifuniko vingapi? Kati ya betri na betri kuna waya mmoja au nyaya mbili? Kichwa kipi kimekwenda kwenye bodi? Balbu ilisemaje? Kisha mwambie atume picha. Majibu matano hayo yatakuonyesha kosa liko wapi, na ukiwa Kariakoo utaweza kujua hata kabla ya fundi aliyeshika spana.

Na kama alteneta imekwisha kuungua, uulize hayo matano kabla ya kugusa mshahara wa dereva. Yeye hushika usukani. Betri hazikufungwa na mkono wake. Kumkata mtu posho ya watoto wake kwa ajili ya waya ambao wewe mwenyewe hukuwahi kuuliza umefungwa wapi, hiyo si haki, na trekta halitapona kwa njia hiyo.